Kiharusi cha joto: Mpoze kwanza, ndipo umkimbize hospitalini

JUA la Februari na Machi katika miji kama vile Lodwar, Garissa na Mandera halimhurumii mchimba mawe, mbeba mizigo wala mchungaji. Mmoja wao anapoanza kupepesuka na kuropokwa, aghalabu wenzake hudhani amelewa, au malaria imempanda kichwani. Huenda ni kiharusi cha joto, na dakika zinazopotea katika kubahatisha ndizo zinazoua.

Jina hilo huwapotosha wengi, kwani huu si ule ugonjwa wa kupooza. Ni hali ambapo mwili, ambao kwa kawaida huwa na nyuzijoto 37 hivi, hupanda hadi 40 na zaidi, ukashindwa kujipoza. Ubongo, figo na ini huanza kudhurika.

Mwenye uchovu wa joto tu hutokwa na jasho jingi, huhisi kizunguzungu na kichefuchefu, ila akili yake ni timamu. Huyo apelekwe kivulini, anywe maji kidogo kidogo. Lakini akisahau aliko, akajibu ovyo, akapatwa na degedege au akazirai, hiyo ni dharura. Usingoje ngozi ikauke. Anayefanya kazi ya sulubu anaweza kuzidiwa huku amelowa jasho chepechepe.

Piga simu 999 au 112, kisha usiketi ukingoja gari. Mvue nguo za juu. Pakiwa na hodhi la kunyweshea mifugo, aketishwe ndani, maji yamfike kifuani, na mtu amshike asizame. La sivyo, mmwagieni maji mwili mzima bila kukoma, mwingine akimpepea kwa leso au kipande cha katoni. Maji ya mtungi yanafaa. Barafu ikipatikana, ifungwe kitambaani, iwekwe shingoni, kwapani na kinenani. Endeleeni hata garini.

Aliyepoteza fahamu asinyweshwe chochote; alazwe kwa ubavu. Parasitamoli haisaidii, maana hii si homa ya maradhi. Malaria itapimwa hospitalini.

Mnamo Juni 2024, mahujaji zaidi ya 1,300 walifariki Saudi Arabia joto lilipopita nyuzi 50 jijini Makka. Serikali ya huko ilisema wengi wao walikuwa wametembea mwendo mrefu juani bila kivuli.

Mgonjwa akizinduka na kudai amepona, msimwachilie aende nyumbani. Figo na ini huweza kudhihirisha madhara siku moja au mbili baadaye, kwa hivyo sharti apimwe damu.