Je, Wajua? Msharasi, Mama wa Kikapu cha Karagwe

Je, wajua kuwa kuna vikapu visivyosukwa, bali hushonwa? Ndivyo vilivyozoeleka Karagwe na Kyerwa, na hata ng'ambo ya mpaka, Uganda na Rwanda. Fundi hushika kitita chembamba cha majani makavu, akakizungusha kuanzia katikati ya kitako, na kila mzunguko akaushona kwenye ule uliotangulia kwa ukanda mwembamba wa nyuzi. Ukili wa Pwani husukwa kwa vidole vitupu. Lakini kikapu hiki cha msokoto hakianzi bila msharasi.

Msharasi ni chuma chembamba chenye ncha na mpini wa mti. Wanyarwanda huuita uruhindu. Ncha yake haitakiwi kuwa na makali, kwani kazi yake si kukata: hutenganisha majani, ikaacha tundu, na ukanda hupenyezwa upesi kabla tundu halijajifunga. Kisha huvutwa mpaka ukaze. Msharasi mnene huacha tundu kubwa na mshono hulegea. Mwembamba huleta mishono iliyobanana. Vifaa vingine ni vichache: kisu cha kuchania nyuzi, panga la kukatia malighafi, kucha, meno, na maji. Ndiyo, maji nayo ni kifaa, maana ukanda mkavu hukatika ukikunjwa.

Karagwe haikuwa na shida ya chuma. John Hanning Speke alipofika kwa Mfalme Rumanyika mwaka 1861, alikuta nchi yenye wahunzi wake, na miongoni mwa hazina za kifalme zilizotunzwa Bweranyange zimo nyundo na sanamu za ng'ombe za chuma. Siku hizi spoku ya baiskeli iliyonolewa hufanya kazi ya msharasi, na hufanya vizuri.

 

Je, wajua ufundi huu una umri gani? Huko Fayum, Misri, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta maghala ya nafaka yaliyochimbwa ardhini na kutandikwa vikapu vya msokoto, yenye zaidi ya miaka 6,000. Misharasi ya mifupa ni mikongwe zaidi: iliyopatikana katika pango la Blombos, Afrika Kusini, ina takriban miaka 70,000. Kwangu mimi, chombo kilichodumu hivyo kinastahili kabati la makumbusho sawa na mkuki wa mfalme.

Nawe ukienda kununua kikapu, usivutwe na rangi. Kigeuze, utazame katikati ya kitako, pale mshono ulipoanzia. Mishono ikiwa imebanana na huoni mwanga ukipenya, lipa bei anayoitaja fundi bila kumpunguzia.