KAZI YA MUUGUZI HAIPIMWI KWA VITANDA

Mchuma chai anaijua mizani. Jioni kikapu kinapimwa, kilo zinaandikwa, na malipo yanafuata kilo. Kiwandani nako vipande vinahesabiwa. Lakini, ndugu mfanyakazi, kazi ya kumuuguza mgonjwa wa akili itapimwa kwa mizani gani?

Ni rahisi kuhesabu vitanda, vidonge na wagonjwa walioruhusiwa kurudi nyumbani. Hesabu hizo zina faida yake, ila hazisemi kama mgonjwa alisikilizwa au alifungiwa mlango tu.

Muuguzi mmoja aliyelifuatia swali hili ni Annie Altschul. Alizaliwa Vienna, Austria, mwaka 1919. Mwaka 1938 alikimbia utawala wa Manazi, akapata hifadhi Uingereza, na huko akasomea uuguzi. Baadaye alifundisha katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, na mwaka 1976 akawa profesa wa uuguzi.

Katika utafiti wake hakuishia kusoma majalada ofisini. Alikaa wodini akaangalia na kuandika: muuguzi gani anazungumza na mgonjwa gani, na kwa muda gani. Tena aliwauliza wenyewe. Matokeo aliyatoa katika kitabu mwaka 1972. Alikuta wauguzi wakitumia busara ya kawaida tu. Hawakuweza kueleza mazungumzo yao yanafuata mpango gani wa matibabu. Hata hivyo, wapo wagonjwa waliosema kwamba uhusiano mwema na muuguzi uliwasaidia. Kumbe jambo lililoleta nafuu ndilo ambalo wauguzi hawakufundishwa vya kutosha.

Mwaka 1985 Altschul aliandika waziwazi kwamba yeye mwenyewe aliwahi kuugua ugonjwa wa huzuni kubwa. Basi alizijua pande zote mbili za kitanda.

Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani lilitoa kipimo kiitwacho QualityRights. Wanaokagua hospitali kwa kipimo hicho huwahoji wagonjwa, jamaa zao na wafanyakazi. Huangalia hali ya majengo, kama mgonjwa ameridhia matibabu yake, na kama anapigwa au kudhalilishwa.

Hapa pana jambo la chama. Muuguzi aliyeachiwa wodi nzima peke yake usiku kucha hawezi kuketi na mtu hata dakika tano. Kipimo kikitumiwa kama fimbo ya nyapara, kitamwonea. Kikitumiwa kwa haki, kitaonyesha kwamba wauguzi ni wachache na mafunzo ni haba, na hapo mgonjwa na mfanyakazi watatetewa pamoja.

Ndugu, ukienda kumtazama jamaa yako aliyelazwa, usiulize tu kama amekula na kumeza dawa. Muulize: leo nani amekaa akazungumza nawe? Jibu lake nalo ni kipimo.