Tom House: Alitumia dawa za misuli, akageuka mlinzi wa mikono ya vijana

Usiku wa Aprili 8, 1974, uwanja wa besiboli wa Atlanta, Marekani, ulikuwa umefurika. Mpigaji maarufu, Hank Aaron, aliupiga mpira ukavuka uzio. Lilikuwa pigo lake la 715 la aina hiyo, na kwa pigo hilo alivunja rekodi ya Babe Ruth.

Nyuma ya uzio, mahali walipokaa warushaji wa akiba, mpira huo ulidakwa na kijana wa miaka 26 ambaye wengi hawakumfahamu, Tom House. Alikimbia nao hadi kwa mwenyewe. Alipofika alimkuta Aaron, mwanamume wa miaka 40, amekumbatiwa na mama yake huku machozi yakimlengalenga.

Kwa mashabiki wengi, hilo ndilo wanalomkumbukia House enzi zake za uchezaji. Kwa mzazi mwenye mtoto anayependa michezo, somo kubwa liko katika yale aliyoufanyia mwili wake, na aliyokuja kufundisha baadaye.

Kasi ambayo haikuja

Katika besiboli, mrushaji huurusha mpira kwa nguvu kuelekea kwa mpigaji aliyeshika gongo, na kuurudia mrusho huo hata mara 100 katika mchezo mmoja.

House, aliyezaliwa Seattle mwaka 1947, aliifanya kazi hiyo kwa misimu minane ya ligi kuu, kuanzia 1971 hadi 1978. Alipita Atlanta Braves, Boston Red Sox na Seattle Mariners. Alishinda michezo 29 na kupoteza 23. Hakuwa nyota.

Mwaka 2005 alikiri hadharani kuwa enzi hizo alitumia steroidi, dawa za kuongeza misuli. Alisema warushaji kadhaa katika kila timu walikuwa wakizijaribu. Yeye alitaka mpira wake uende kasi zaidi, lakini haukuvuka maili 82 kwa saa, sawa na kilomita 132 hivi. Alichoongeza ni uzito, na kwa maelezo yake, uzito huo ulichangia kumharibu magoti.

Darasani na uwanjani

House alisoma hadi kupata shahada ya uzamivu katika saikolojia. Mwaka 1985 akawa kocha wa warushaji wa Texas Rangers.

Huko alichekwa. Aliwapa wachezaji wake mpira wa futiboli ya Kimarekani, ule mzito wenye umbo la yai, wautumie mazoezini. Sababu ilikuwa rahisi: mpira huo ukirushwa vibaya hupepesuka, hivyo mchezaji huliona kosa lake papo hapo.

Mwaka 1989 alijiunga naye Nolan Ryan, mrushaji aliyekuwa ameingia miaka ya arobaini. Mwaka 1991, akiwa na miaka 44, Ryan alimaliza mchezo mzima bila wapinzani kupata pigo salama hata moja. Ilikuwa mara yake ya saba, rekodi ambayo hakuna aliyeifikia.

Mafundisho ya House yalihusu mwili mzima. Nguvu ya kurusha huanzia miguuni, hupita nyongani na kiunoni, ndipo ifike begani. Mkono unaoachiwa kazi yote huumia. Aidha, misuli ya nyuma ya bega ndiyo breki baada ya mpira kuondoka, na breki dhaifu huliumiza bega.

Mwaka 2008 aliletewa vijana wawili kutoka India, Rinku Singh na Dinesh Patel, ambao hawakuwa wamewahi kucheza besiboli. Mwaka huohuo wote wawili walisajiliwa na klabu ya Pittsburgh Pirates. Kisa chao kilitengenezewa filamu mwaka 2014.

Mtoto si mtu mzima mdogo

House ametumia miaka mingi kuwafundisha warushaji chipukizi, na hatari kwao ni kubwa kuliko kwa watu wazima. Karibu na ncha za mifupa ya mtoto kuna sehemu za ukuaji ambazo bado ni gegedu laini. Zikivutwa kila siku kwa namna ileile, zinaweza kuumia kabla ya misuli.

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2006 uliwalinganisha vijana 95 waliofanyiwa upasuaji wa bega au kiwiko na wenzao 45 wasio na majeraha. Waliozoea kuendelea kurusha huku mkono umechoka walikuwa na uwezekano wa kuumia mara 36 zaidi.

Mwaka 2014 ligi kuu ya nchi hiyo ilishiriki kutoa mwongozo wa idadi ya mirusho. Mtoto wa miaka 7 au 8 asizidishe mirusho 50 kwa siku, na wa miaka 11 au 12 asizidishe 85. Mwenye miaka 9 hadi 14 akifikisha mirusho 66, anapaswa kupumzika siku nne.

Mzazi afanye nini?

Hata kama mwanao hajawahi kushika mpira wa besiboli, mifupa yake hukua vivyo hivyo. Anayecheza soka kila jioni anaweza kuumia magoti na visigino kwa sababu hiyohiyo.

Madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri mtoto apumzike mchezo wake angalau siku moja kwa wiki, na jumla ya miezi miwili hadi mitatu kwa mwaka. Wanashauri pia acheze michezo mbalimbali, asibanwe kwenye mmoja kabla ya miaka 15 au 16.

Ukiona anachechemea, anashika kiungo kilekile mara kwa mara, au maumivu yanamwamsha usiku, msimamishe mazoezi na umpeleke hospitali. Usimpe dawa ya maumivu ili awahi mechi. Na kijana akianza kuulizia dawa au unga wa kujaza misuli, kaa naye umsikilize anatafuta nini. House alizitumia akiwa mtu mzima, na kasi aliyoitaka hakuipata.