Muhuri Unafika Wapi? Utangulizi wa Madaraka katika Tovuti za Pamoja

Tuanzie Lurujo, Uganda. Mtu akitaka barua ya utambulisho, tuseme ya kufungulia akaunti benki, huenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Mwenyekiti anamjua yeye na nyumbani kwao, anaandika mistari miwili mitatu, anagonga muhuri. Muhuri huohuo ukigongwa kwa ajili ya mkazi wa kijiji cha pili haumfai kitu, ingawa mwenyekiti ni yuleyule na wino ni uleule. Wanafunzi wangu nawaomba waushike mfano huu kabla ya kugusa kompyuta. Fani ya ruhusa katika mifumo imejaa watu wanaouliza nani mkubwa, ilhali la kuuliza ni mkono wake unafika wapi.

Chukua WordPress, programu ya kuendeshea tovuti. Tangu toleo la 3.0 la mwaka 2010, usakinishaji mmoja unaweza kubeba tovuti nyingi, nazo kwa pamoja huitwa mtandao. Tuseme shule sita za sekondari, za Arua na za Koboko, zimechangia seva moja. Kila shule ina tovuti yake na msimamizi wake: anachapisha, anafuta, anapanga kurasa apendavyo. Siku moja anataka kuongeza programu-jalizi ya kuonyesha matokeo ya mitihani. Anatafuta kitufe, hakioni. Tovuti ingekuwa imesimama peke yake angekuwa nacho, kwa hiyo anahisi amenyang'anywa haki yake.

Hakunyang'anywa. Mafaili ya programu ni yaleyale kwa shule zote sita, na jalizi yenye tundu ikiingia kwa mmoja, mwizi amepata njia ya kuingia kwa wote. Ndiyo maana kuiweka ni kazi ya msimamizi mkuu wa mtandao. Yeye akipenda huwaachia wasimamizi wa tovuti kuiwasha na kuizima tu, kila mmoja kwake.

Sasa tazama hifadhidata, maana hapo ndipo wengi hupotelea. Makala za kila tovuti zina majedwali yake, lakini jedwali la watumiaji ni moja kwa mtandao mzima. Mwalimu ana akaunti moja, na vyeo vyake vimeandikwa tovuti kwa tovuti: msimamizi huku, msomaji wa kawaida kule. Akihama shule, msimamizi anayemwondoa amemtoa kwenye tovuti ile moja tu. Akaunti ingali hai, na kuifuta kabisa kunahitaji mkono wa msimamizi mkuu. Nimeona watu wazima wakibishana nusu siku kwa kutojua tofauti hiyo.

Kanuni iliyo nyuma ya haya ni kongwe kuliko intaneti tunayoijua. Mwaka 1975 Jerome Saltzer na Michael Schroeder waliandika kwamba kila programu na kila mtumiaji afanye kazi kwa ruhusa chache kadiri kazi yenyewe inavyodai. Mwaka 1992 David Ferraiolo na Richard Kuhn wakapendekeza ruhusa zipewe cheo, kisha mtu awekwe kwenye cheo. Kwa mzee wa LC1 hilo si jipya: kipindi chake kikiisha, muhuri unabaki ofisini.

Kiswahili chenyewe kimelifikiria jambo hili. Katika Wikipedia ya Kiswahili wasimamizi huitwa wakabidhi, na Tanzania ina Kabidhi Wasii Mkuu, afisa anayeshughulikia mirathi na amana za watu. Mimi nalipenda neno hilo kuliko "adimini" wa makundi ya WhatsApp, kwani linakumbusha kwamba mali ni ya wengine. Mkabidhi anaweza kufuta kurasa na kumzuia mharibifu, lakini akivuka kwenda Wikipedia ya Kiingereza anakuwa mhariri kama wahariri wengine, muhuri wake ameuacha nyumbani. Juu ya miradi yote ya Wikimedia, Wikipedia ikiwemo, wapo wasimamizi wachache wa kimataifa, nao huchaguliwa kwa kura za wachangiaji.

Umbo la ngazi, basi, si gumu. Ugumu uko kwenye makabidhiano, na sura ya kwanza inaanzia hapo: msimamizi mkuu amepata kazi Kampala, basi linaondoka Arua alfajiri, na paswodi ya mtandao wa shule sita iko kichwani mwake peke yake.