Hewa ya Rufiji na Msukumo wa Injini

Mnamo Septemba 20, 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus bandarini Unguja, kisha ikajificha katika delta ya Rufiji, ndani ya mikoko ambayo leo sehemu yake kubwa imo wilayani Kibiti. Meli kubwa za Waingereza hazikuweza kuifuata katika maji yenye kina kidogo, wala haikuonekana vizuri kutoka baharini. Ilibidi itazamwe kutoka angani.

Februari 1915 zililetwa ndege mbili za majini aina ya Sopwith, zenye injini za Gnome za nguvu-farasi 100. Zilishindwa kuondoka majini zikiwa na mabomu. Ndege za Short zilizofuata mwezi Aprili zilifaulu kupiga picha, lakini ziliruka chini sana, ndani ya masafa ya bunduki. Lawama nyingi ziliangukia mbao na gundi zilizoharibiwa na joto. Hayo ni kweli, ila si yote.

Rafadha, ambayo wengi huiita pangaboi, huishika hewa iliyo mbele yake na kuitupa nyuma. Nayo hewa, kwa kanuni ya tatu ya Newton, huisukuma ndege mbele. Ukubwa wa msukumo hutegemea tungamo la hewa inayopita kila sekunde na ongezeko la mwendo inalopewa. Basi hewa yenyewe ikoje? Usawa wa bahari, mita moja ya ujazo ya hewa kavu yenye joto la nyuzi 15 za Sentigredi ina kilo 1.225. Joto likiwa nyuzi 30 na unyevu asilimia 80, hubaki kilo 1.15 hivi. Mwanafunzi asishangae kuwa unyevu huipunguzia hewa uzito: molekuli ya maji ina uzito wa 18, na ile ya hewa kavu, kwa wastani, 29.

Upungufu huo wa asilimia 6 huidhulumu ndege mara tatu. Rafadha hupata hewa kidogo ya kutupa, bawa hupata hewa kidogo ya kuegemea, na injini huumia zaidi. Silinda hunyonya ujazo uleule daima, lakini oksijeni iliyomo imepungua kwa asilimia 8 hivi, kwa kuwa mvuke umechukua nafasi yake. Petroli inayoweza kuungua hupungua vilevile. (Silinda za Gnome zilizunguka pamoja na rafadha ili zipoe kwa upepo, na zilitiwa mafuta ya nyonyo.) Asilimia hizo huonekana ndogo. Lakini ndege ya majini ya wakati ule ilikuwa na nguvu ndogo mno ya akiba, na maji yaliyoyang'ang'ania maboya yake yalikula sehemu kubwa ya nguvu hiyo.

Dawa ilipatikana Mafia. Mwezi Juni zililetwa ndege za nchi kavu, Caudron na Henri Farman, zikarukia uwanja uliofyekwa kisiwani. Hewa ilikuwa ileile. Kilichoondolewa ni maboya na mkokoto wa maji. Julai 11, 1915, Cull na Arnold, wakiwa ndani ya Farman, waliielekeza mizinga ya meli Severn na Mersey kwa ishara za redio, hata baada ya injini yao kupigwa na ndege kuanza kushuka. Siku hiyo Königsberg ikaangamia.

Injini ya jeti imefungwa na sheria hiyohiyo, maana nayo hunyonya hewa. Roketi haiombi hewa kitu. Hubeba oksijeni yake pamoja na fueli, na kinachotupwa nyuma ni gesi yake yenyewe. Msukumo wake hata huongezeka kadiri hewa inavyopungua. Desemba 12, 1970, roketi ya Scout ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikiwa na setilaiti iliyoitwa Uhuru. Gharama yake ni mzigo: Scout ilikuwa na hatua nne za fueli ngumu, na kila hatua iliyokwisha kuungua ilidondoshwa ili zilizosalia zisiibebe bure.