Sanduku lina kufuli tatu, faili je?

Jumamosi moja ya mkutano wetu wa AVEC, mama mmoja alirudisha franka 60.000 kwa deni lake la franka 100.000. Tulihesabu feza mbele ya wote, tukapiga makofi. Juma lililofuata orodha ikasomwa kutoka kwenye simu: huyo mama bado ana deni la franka 100.000, kama vile hajaleta kitu. Wengine wakaanza kumtazama kwa jicho baya. Alinyamaza, kisha akaomba ruhusa arudi nyumbani.

Feza zilikuwa ndani ya sanduku. Hakuna aliyeiba. Kilichopotea ni maandishi.

Tulikuwa watu wawili wa kuandika katika faili moja, tukitumiana kwa WhatsApp. Karani aliandika malipo ya madeni Jumamosi jioni. Mweka hazina alikuwa na nakala ya asubuhi. Akaongeza michango ya akiba ndani yake, akaituma Jumapili kwa jina lilelile. Sisi sote tukashika ile ya mwisho. Ni kama kuandika kaye mbili, kisha kutupa moja motoni bila kuisoma.

Binti mmoja anayejua kompyuta alituonyesha njia nyingine: jedwali moja linalokaa kwenye intaneti, ambalo wote wanalifungua kwa pamoja na kila mtu anaona mwenzake anapoandika. Ni bora zaidi, lakini tulikuta lina mitego yake. Wawili wakiandika katika kisanduku kimoja, linabaki neno la aliyeandika mwisho. Mtandao ukikatika, simu inaweza kutunza ulichoandika na kukipeleka baadaye, wakati wenzako wamekwisha kubadilisha mengine. Na mtu akipanga safu ya majina peke yake kwa alfabeti, akisahau safu ya feza, akiba ya mama mmoja inahamia kwa mwingine! Hilo lilitupata pia. Kwa bahati jedwali la namna hiyo linatunza historia: unaweza kuona nani alibadilisha nini na saa ngapi, ukarudisha lililokuwa jana.

Wamama, AVEC zilianzia Niger mwaka 1991, na wale wamama wa kwanza hawakuwa na simu. Sanduku letu lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa wamama watatu, ili mtu asilifungue peke yake. Faili letu tuliliacha wazi kama mlango wa soko.

Sasa mkono unaoandika ni mmoja, wa karani. Wengine tunaruhusiwa kutazama tu. Anaandika palepale mkutanoni, anasoma kwa sauti, na mwenye feza anajibu “ndiyo” mbele ya sanduku kufungwa. Kaye ya karatasi hatukuitupa. Watoto wetu wanatucheka kwa hilo, waache wacheke.

Maana kilichomwokoa yule mama ni kijitabu chake, ambamo malipo yalikuwa yameandikwa na kutiwa sahihi siku ileile. Tulienda kwake watatu kuomba msamaha. Alitupa viti, akatuletea chai, akatuonyesha ukurasa ule bila kusema mengi. Mkutano uliofuata hakuja. Ule wa baadaye alikuja, akaketi nyuma, akaomba orodha isomwe mara mbili.