Kaboni Moja, Sifa Tofauti: Muundo wa Atomi na Mkaa wa Kabalagala

Makala haya yanaeleza namna mpangilio wa atomi unavyoamua sifa za kaboni, kisha yanadokeza maana yake kwa sera ya nishati nchini Uganda. Mfano wake ni mkaa unaotumika kuchomea nyama na kuku kila jioni mtaani Kabalagala, katika tarafa ya Makindye jijini Kampala.

Almasi, grafiti na mkaa vyote asili yake ni kaboni. Katika almasi, kama zile zichimbwazo Mwadui nchini Tanzania, kila atomi imefungamana na nyingine nne kwa vifungo vya nguvu sawa. Muundo huo ndio sababu ya ugumu wake. Elektroni zote za nje zimeshikwa katika vifungo hivyo, kwa hiyo almasi haipitishi umeme.

Katika grafiti, ambayo hupatikana Orom wilayani Kitgum, kila atomi imeshikana na tatu tu, zikafanya matabaka bapa. Ndani ya tabaka, atomi jirani zimeachana kwa nanometa 0.142, kati ya tabaka moja na jingine kuna nanometa 0.335, na mvuto wake ni hafifu. Matabaka huteleza, na penseli ikaandika. Elektroni ya nne husafiri ndani ya tabaka na kupitisha umeme. Nafasi iliyo kati ya matabaka hupokea ioni za lithiamu, nayo ndiyo inayoipa grafiti thamani katika betri.

Mkaa una vipande vidogo vya matabaka kama hayo, ila vimerundikana bila utaratibu. Kati yake mna vinyweleo vingi, pamoja na mirija iliyorithiwa kutoka kwenye mti. Oksijeni hupenya humo, na mkaa ukawaka bila kupulizwa sana. Kadiri joto la tanuri linavyopanda, ndivyo hidrojeni na oksijeni zinavyotoka na kaboni inavyoongezeka. Mkaa usioiva hubaki na lami, nao hutoa moshi. Hata ulioiva hutoa monoksidi ya kaboni, gesi yenye sumu isiyo na harufu.

Mwaka 2023 amri ya Rais ilipiga marufuku uchomaji wa mkaa wa biashara katika eneo la Acholi, ambamo Kitgum imo. Majiko ya Kampala hayakuzimika kwa amri hiyo. Hoja ya mkaa mbadala, unaotengenezwa kwa mabaki ya mimea, ikapata uzito zaidi. Hata hivyo, kubadili malighafi peke yake hakutoshi. Maganda ya ndizi yaliyochomwa kwa joto dogo yatamfukiza mchoma nyama kama ufanyavyo mti uliochomwa vibaya. Kwa hiyo tunapendekeza kwamba viwango vya mkaa mbadala vitaje joto la tanuri, kiasi cha majivu na kiasi cha vitu vinavyogeuka mvuke, na kwamba sehemu za kuchomea ziwe na hewa ya kutosha.